Upungufu wa Potasiamu Mwilini: Unavyotokea na Unavyoweza Kuzuiwa kwa Mlo wa Kila Siku

Mtu mzima aliyeharisha kwa siku tatu mfululizo anaweza kujikuta, hata baada ya kuhara kukoma, akishindwa kupanda ngazi, misuli ya miguu ikimkaza usiku na moyo ukimwenda mbio bila sababu anayoiona. Mara nyingi hali hiyo huelezwa kuwa ni uchovu wa maradhi, naye huambiwa apumzike. Uchovu upo, lakini yapo pia madini yaliyotoka mwilini pamoja na maji. Miongoni mwake ni potasiamu, ambayo kupungua kwake katika damu hudhoofisha misuli, huvuruga mapigo ya moyo na, upungufu unapokuwa mkubwa, huweza kusababisha kifo.

Potasiamu haitengenezwi na mwili. Hupatikana katika chakula. Mwaka 1807 mwanasayansi wa Uingereza, Humphry Davy, alifanikiwa kuitenga kwa mara ya kwanza kwa kupitisha umeme katika chumvi iliyotokana na majivu ya mimea, na jina lake la kigeni limetokana na majivu hayo yaliyokuwa yakitayarishwa chunguni. Asili hiyo ya jina inafaa kukumbukwa hata jikoni, kwa kuwa mimea ndiyo hazina kuu ya madini haya: mboga za majani, viazi na mizizi mingine, mazao ya jamii ya kunde, pamoja na matunda.

Kazi ya potasiamu mwilini

Takriban asilimia 98 ya potasiamu yote ya mwili hukaa ndani ya seli, na sehemu ndogo iliyobaki ndiyo iliyomo katika damu na majimaji yanayozizunguka seli hizo. Sodiamu, ambayo ndiyo sehemu kuu ya chumvi ya mezani, hukaa kinyume chake: nyingi nje, kidogo ndani. Seli hutumia nguvu muda wote kuisukuma sodiamu nje na kuivuta potasiamu ndani, na tofauti hiyo ya pande mbili ndiyo inayoiwezesha mishipa ya fahamu kupeleka taarifa, misuli kujikunja na kulegea, na moyo kudunda kwa mpangilio. Ndiyo sababu badiliko dogo la kiwango cha potasiamu katika damu huonekana kwanza kwenye misuli na moyo.

Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango katika damu huwa kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita. Kinaposhuka chini ya 3.5 huhesabiwa kuwa ni upungufu, na kinapokuwa chini ya 2.5 upungufu huwa mkali na huhitaji matibabu ya haraka hospitalini. Mizani hiyo hulindwa na figo, ambazo hutoa kwa njia ya mkojo takriban asilimia 90 ya potasiamu inayoingia kwa chakula. Mtu akila kidogo, figo hupunguza kiasi kinachotoka, lakini haziwezi kukizuia kabisa.

Namna potasiamu inavyopotea

Ni nadra kwa mtu mwenye afya na anayekula vyakula mchanganyiko kupata upungufu mkali kwa sababu ya chakula peke yake. Kwa kawaida mlo hafifu huiacha akiba ikiwa ndogo, kisha hutokea jambo jingine linaloimaliza. Kuhara ndiyo sababu iliyo karibu zaidi na familia nyingi, na katika ugonjwa kama kipindupindu kiasi kinachopotea kwa siku moja huweza kuwa kikubwa mno. Kutapika kwa muda mrefu nako hupunguza potasiamu, ingawa sehemu kubwa hupotea kupitia mkojo, kwa kuwa kutapika hubadili mizani ya asidi mwilini na kuzifanya figo ziitoe kwa wingi.

Kundi la pili ni la watumiaji wa dawa za kuongeza mkojo, ambazo hutolewa kwa wagonjwa wa shinikizo la juu la damu na wa moyo. Furosemidi, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Lasix, na haidroklorothiazidi hutoa maji na sodiamu mwilini, na pamoja navyo hutoka potasiamu. Dawa hizo ni za lazima kwa wengi wanaozitumia na hazipaswi kuachwa bila ushauri wa daktari. Linalotakiwa ni kupima kiwango cha potasiamu kwa vipindi ambavyo daktari ataelekeza. Mgonjwa anayetumia dawa ya namna hiyo kisha akapata kuhara anapoteza kwa njia mbili kwa wakati mmoja, naye hapaswi kusubiri siku kadhaa kabla ya kurudi kituoni. Tahadhari ni kubwa zaidi kwa anayetumia pia digoksini kwa ajili ya moyo, kwa kuwa potasiamu ikipungua dawa hiyo huweza kumdhuru hata kwa dozi aliyoizoea.

Zipo sababu nyingine. Matumizi ya mara kwa mara ya dawa za kulainisha choo, ambazo baadhi ya watu huzitumia kwa nia ya kupunguza unene, hupoteza potasiamu kama kuhara kunavyofanya. Dozi kubwa za salbutamoli kwa mgonjwa wa pumu, au za insulini, huihamisha kutoka kwenye damu na kuiingiza ndani ya seli. Unywaji wa pombe uliokithiri hukusanya mambo kadhaa kwa pamoja: kula kidogo, kutapika na kupungua kwa magnesiamu. Hili la mwisho husahaulika, ilhali magnesiamu ikiwa chini figo huendelea kumwaga potasiamu na upungufu hautibiki hadi zote mbili zirekebishwe. Vilevile, ulaji wa udongo kwa wingi, mazoea yanayoonekana kwa baadhi ya wajawazito, umewahi kuhusishwa na upungufu huu, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi huweza kuishika potasiamu tumboni na kuizuia isifyonzwe.

Watoto wenye utapiamlo mkali ni kundi la pekee. Akiba yao ya potasiamu huwa imepungua sana hata pale kipimo cha damu kinapoonekana cha kuridhisha. Kwa sababu hiyo maziwa maalumu ya matibabu wanayopewa hospitalini huwa yameongezwa madini haya, na wanapoharisha hutumia mchanganyiko wao maalumu badala ya ule wa watoto wengine. Mtoto aliyevimba miguu kwa utapiamlo hapaswi kabisa kupewa dawa ya kuongeza mkojo ili uvimbe upungue. Kufanya hivyo ni kumwondolea potasiamu kidogo aliyobaki nayo.

Dalili na vipimo

Upungufu mdogo huweza kukaa bila dalili yoyote. Unapoongezeka, mtu huhisi mwili kulegea, hasa mapaja na miguu, misuli hukakamaa au kutetemeka, choo huwa kigumu na tumbo hujaa gesi kwa kuwa misuli ya utumbo nayo imelegea. Wengine hukojoa mara nyingi na kupata kiu. Moyo huweza kudunda kwa kasi au kuruka mapigo. Katika hatua mbaya zaidi miguu hupooza, udhaifu hupanda hadi misuli ya kupumulia, na moyo huweza kusimama.

Hakuna dalili hata moja kati ya hizo iliyo ya potasiamu peke yake. Kulegea kwa mwili huweza kuletwa na upungufu wa damu, malaria, kisukari au ugonjwa wa tezi ya shingo. Kwa hiyo utambuzi hufanywa kwa kipimo cha damu, na pale hali inapokuwa ya kutia shaka huongezwa kipimo cha umeme wa moyo. Anayejitibu kwa kukisia anaweza kuongeza potasiamu ambayo tayari anayo ya kutosha, na kiwango kikizidi moyo huathirika vilevile.

Potasiamu katika vyakula vya Tanzania

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2012, linapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku kutoka kwenye chakula. Ushauri unaosikika mara nyingi ni kula ndizi. Ushauri huo si wa uongo, ila ni mfupi mno. Ndizi mbivu moja ya wastani ina takriban miligramu 420, kiasi ambacho hakifikii hata sehemu moja ya saba ya mahitaji ya siku, na ni wachache watakaokula ndizi nane kila siku au wanaopaswa kufanya hivyo.

Vyakula vinavyobeba mzigo mkubwa ni vile vinavyoliwa kama mlo wenyewe. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa huwa na takriban miligramu 700. Nusu kikombe cha mchicha uliopikwa huwa na takriban 400, yaani sawa na ndizi nzima, kwa bei ambayo katika masoko mengi ni nafuu. Magimbi yaliyopikwa hukaribia miligramu 480 kwa kila gramu 100, na parachichi ni kiasi hichohicho. Viazi vitamu, viazi mviringo, ndizi za kupika, mihogo, maboga, mbaazi, kunde, nyanya na tende vyote vimo katika orodha, na hali kadhalika maziwa, samaki na nyama. Unga wa ubuyu, unaopatikana kwa wingi katika mikoa ya kati kama Dodoma na Singida, ni miongoni mwa vyakula vyenye potasiamu nyingi sana kwa uzito wake. Uji au juisi yake isiyotiwa sukari nyingi ni nyongeza nzuri ya mlo.

Mapishi mengi ya jadi yanatosheleza bila marekebisho yoyote. Mtori wa Kilimanjaro, ndizi na maharage za Kagera, mbaazi za nazi za Lindi na Mtwara, na futari ya mwezi wa Ramadhani yenye magimbi, mihogo au viazi vitamu, ikitanguliwa na tende, ni milo yenye potasiamu tele. Upungufu huanza mlo unapobaki na wanga uliokobolewa peke yake. Wali mweupe una takriban miligramu 35 tu kwa gramu 100. Sembe hupoteza sehemu kubwa ya potasiamu pamoja na kiini na pumba, ambavyo dona hubaki navyo. Mtu anayekunywa chai ya rangi na chapati asubuhi, akala wali na mchuzi mwepesi mchana, kisha ugali wa sembe na kachumbari kidogo usiku, hulala ameshiba lakini huenda hakupata hata nusu ya kiwango kinachopendekezwa. Akibadilisha chapati kwa kiazi kitamu, akaongeza bakuli la maharage mchana na mboga za majani usiku, hesabu hubadilika bila gharama kubwa.

Namna ya kupika nayo ina uzito wake. Potasiamu haiharibiwi na moto, ila huyeyuka katika maji. Mboga inapochemshwa kwa maji mengi, ikakamuliwa na maji yale kumwagwa, sehemu kubwa ya potasiamu humwagwa pia. Ni afadhali mchicha, matembele, majani ya maboga au majani ya kunde yaoshwe kabla ya kukatwa, yapikwe kwa maji kidogo na kwa muda mfupi, na rojo lake liliwe. Viazi vikichemshwa na maganda yake hupoteza kidogo kuliko vilivyomenywa na kukatwakatwa. Kisamvu na mihogo michungu havimo katika ushauri huu: kutwanga, kuloweka na kuchemsha vizuri vyakula hivyo huondoa sumu ya sayanidi, na hatua hizo hazipaswi kufupishwa kwa ajili ya potasiamu.

Magadi ni jambo jingine linalochanganywa. Kwa kuwa hulainisha maharage makavu na mboga ngumu, na kwa kuwa ni madini, wapo wanaodhani kuwa huongeza nguvu ya chakula. Magadi ni chumvi ya sodiamu, si ya potasiamu. Huongeza kile ambacho mlo wa wengi tayari unacho kwa wingi, na huharibu baadhi ya vitamini. Kuloweka maharage usiku kucha hupunguza muda wa kupika bila kuhitaji magadi.

Uhusiano wa sodiamu na potasiamu una maana ya pekee kwa shinikizo la damu. Mlo wenye potasiamu ya kutosha husaidia kulishusha kwa watu wazima, na matokeo huwa bora zaidi chumvi inapopunguzwa hadi chini ya gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku hiyo.

Mgonjwa anapoharisha

Familia nyingi zimefundishwa kutengeneza maji ya chumvi na sukari nyumbani: lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Maji hayo huokoa maisha pale ambapo hakuna kingine, lakini hayana potasiamu hata kidogo. Pakiti ya chumvichumvi maalumu, zijulikanazo kwa jina la ORS, zinazopatikana katika vituo vya kutolea huduma za afya na maduka ya dawa, imewekewa gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu kwa kila lita, kiasi kinachotoa takriban miligramu 780 za potasiamu. Tofauti hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuweka pakiti mbili au tatu nyumbani kabla mtoto hajaugua.

Pakiti huchanganywa na kiasi kilekile cha maji kilichoandikwa juu yake, bila kupunguza wala kuongeza, na yanayobaki baada ya saa 24 humwagwa. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, na aliyezidi umri huo mililita 100 hadi 200, kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko. Akitapika, mlezi husubiri dakika 10 kisha huendelea polepole zaidi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Aliyeanza kula apewe chakula mara kwa mara, na hapo ndizi mbivu iliyopondwa, viazi vilivyopondwa au supu ya mboga hurejesha potasiamu kwa njia ambayo uji mtupu hauwezi. Kumnyima mtoto chakula ili tumbo lipumzike humwongezea upungufu. Vilevile apewe dawa ya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza.

Pale ambapo pakiti haikupatikana mara moja, maji ya dafu yana potasiamu nyingi, kiasi cha miligramu 250 katika kila mililita 100, lakini sodiamu yake ni ndogo kuliko inayohitajika na mtu anayeharisha. Kwa hiyo yasaidie, yasichukue nafasi ya chumvichumvi hizo. Soda na juisi za viwandani hazifai kwa mgonjwa huyo, kwa kuwa sukari yake nyingi huweza kuongeza kuhara.

Wasiopaswa kuongeza potasiamu bila ushauri

Ushauri wote wa chakula uliotangulia ni kwa watu ambao figo zao zinafanya kazi vizuri. Figo zilizodhoofika hushindwa kutoa ziada, potasiamu hujikusanya katika damu, na moyo huweza kusimama bila onyo. Wagonjwa wa figo hupewa mpangilio wao wa chakula na mtaalamu wa lishe, na baadhi yao hufundishwa kufanya kinyume cha yaliyoelezwa hapo juu: kumenya viazi, kuvikata vipande vidogo, kuvichemsha kwa maji mengi na kuyamwaga. Familia inayopika chungu kimoja kwa ajili ya wote inapaswa kulijua hilo. Wamo pia katika tahadhari hii wanaotumia spironolaktoni na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama enalaprili na losartani, ambazo huibakiza potasiamu mwilini.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu chumvi mbadala, ambazo sehemu ya sodiamu yake imebadilishwa kwa potasiamu. Mwongozo huo unapendekeza watu wazima wanaotumia chumvi ya mezani waitumie hiyo badala yake, lakini haukuwahusisha watoto, wajawazito na wenye matatizo ya figo au hali nyingine zinazoweza kupandisha potasiamu. Ni busara kusoma maandishi ya kifungashio kabla ya kununua, na mwenye maradhi ya kudumu amuulize daktari wake kwanza.

Vidonge vya potasiamu navyo ni dawa, si lishe ya ziada. Hutolewa kwa cheti cha daktari baada ya kipimo, humezwa kwa maji mengi na wakati wa kula kwa sababu huweza kuchubua tumbo, na dozi yake hubadilishwa kulingana na majibu ya damu. Potasiamu ya mishipani hutolewa hospitalini pekee, ikiwa imechanganywa katika maji na kupitishwa polepole, kwa kuwa ikiingizwa kwa haraka huua.

Mtu anayelegea kiasi cha kushindwa kusimama, anayehisi moyo kuruka mapigo, anayepumua kwa shida, au aliyeharisha na kutapika akashindwa kubakiza kinywaji chochote, afikishwe katika kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyohiyo. Mtoto mwenye macho yaliyoingia ndani, anayeshindwa kunywa au aliyelegea asiamke vizuri asisubirishwe hadi asubuhi. Mgonjwa abebe dawa zote anazozitumia, zikiwemo za asili na zile za kulainisha choo, kwa sababu mara nyingi sababu ya upungufu hupatikana ndani ya mfuko huo kabla hata majibu ya maabara hayajatoka.